Mama Tabaka na Boksi la Vitabu vya Shule

Ukimkuta Mama Tabaka amenyamaza, ujue amelala au anaumwa. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba cha nyuma cha maabara ya hospitali, chenye meza ndefu ya bati na dirisha linalotazama tangi la maji, akifanya kazi moja tu: kufunga sampuli za wagonjwa zisafiri salama hadi maabara kuu, mwendo wa saa sita kwa gari. Damu, makohozi, mkojo, chochote kinachotoka kwa mtu na ugonjwa wake ndani, kilipita mikononi mwake. Kwa miaka yote hiyo hakuna kichupa chake hata kimoja kilichovuja njiani, na hilo alikuwa analisema hata asipoulizwa.

Jina la utani alipewa na wauguzi, maana hakuchoka kuwahubiria tabaka zake tatu. Tabaka la kwanza ni kichupa chenyewe, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa utepe, na kila kichupa kimevishwa peke yake visigongane. Kinachofuata ni pamba, na iwe ya kutosha kunywa maji yote yaliyomo hata vichupa vyote vikipasuka kwa mpigo, siyo kijipamba cha kuzibia sikio. Tabaka la pili ni mkebe mgumu wa plastiki usiopitisha tone. Karatasi ya orodha inakaa nje ya mkebe lakini ndani ya boksi, ili anayefungua asome kabla hajagusa. Tabaka la tatu ni boksi gumu, na juu yake lebo yenye umbo la almasi na tarakimu zake nne za kutambulisha mzigo wa sampuli, mishale ya kuonyesha upande wa juu, jina na simu ya mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea. Akimaliza kumfundisha mgeni, humwambia alinyanyue boksi mpaka usawa wa kifua na kuliachia lianguke sakafuni. "Likipasuka hapo," humwambia, "umeshamuumiza mtu ambaye hata humjui." Wengi walimwona ana makuu. Muuguzi aliyeleta kichupa chenye kifuniko kilicholegea alirudishwa nacho wodini mbele za watu, na maneno ya kumsindikiza hayakukosekana.

Matata yalianza pale gari la hospitali lilipokufa na ikaamuliwa mizigo iende kwa basi. Makondakta waliiona ile lebo wakagoma. Walisema abiria wakijua wanasafiri na ugonjwa kwenye buti watashuka wote. Sasa hilo lilikuwa jambo la kikao kimoja pale stendi, nusu saa tu, watu waelezwe kwamba boksi lililofungwa vizuri halimdhuru yeyote. Mama Tabaka alikiomba hicho kikao mara mbili kwa mkuu wa maabara. Mkuu alikuwa na mwaka wa pili pale, mtu wa shati lililonyooshwa na mikutano isiyokwisha, na alishapata njia yake ya mkato. Alibandua lebo, akalivisha boksi karatasi ya kaki, akaandika juu kwa kalamu nene: VITABU VYA SHULE.

"Wale watu wa stendi hawana haja ya kujua," alisema. "Ukiwaambia unawatia hofu ya bure. Na wala siyo wasomaji wale."

"Kama siyo wasomaji, umewaandikia vitabu vya nini?"

Mkuu alicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kutokea. "Mama, nisaidie. Usinipandishe presha."

"Presha yako ipande mpaka itoboe dari. Mkono wangu haufungi uongo."

Akasusa. Kuanzia siku hiyo boksi la basi lilifungwa na mkuu mwenyewe, kila Jumatatu mchana, kati ya kikao na kikao. Mama Tabaka alibaki na sampuli chache zilizofuatwa na gari la hospitali jirani, akawa anapita karibu na ile meza ya mkuu huku amegeuza uso kama mtu aliyepishana na mdai wake wa zamani. Jioni alimkuta mumewe kwenye cherehani barazani na kabla hajavua viatu alishaanza: yeye hayumo, wasije wakamwita, yeye hayumo kabisa. Mumewe, fundi mpole aliyezoea kusikiliza huku sindano inatembea, alimjibu siku moja, "Sawa, humo. Lakini mbona umevimba hivyo kwa jambo ambalo humo?" Alimtolea uvivu mumewe naye, siku hiyo. Mambo yakaenda hivyo wiki sita.

Jumatano ya wiki ya sita, saa tisa na nusu alasiri, simu ya maabara ikalia. Mkuu alikuwa kikaoni, akaipokea Mama Tabaka. Walikuwa watu wa maabara kuu, na walikuwa wakali, tena kwa haki. Boksi la Jumatatu limefika limelowa, vichupa vinne vya kioo vimepasuka, hakuna pamba, hakuna mkebe, vyote vimetupiwa kwenye mfuko wa nailoni wa dukani. Ilikuwa damu ya wagonjwa kumi na mmoja wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi, imepelekwa kupimwa wingi wa virusi. Wenyewe itabidi waitwe watolewe damu upya. Halafu yule bwana wa kwenye simu akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kondakta aliyelileta alisema kuna mpakizi alijikata mkono na boksi hilo siku ya kulipakia.

Mama Tabaka aliweka simu chini, akahesabu kwa vidole. Jumatatu saa tisa alasiri ndipo basi huondoka. Dawa ya kumkinga mtu aliyechomwa na kitu chenye damu ya namna hiyo lazima ianze ndani ya saa sabini na mbili, na heri zaidi ianze mapema. Saa sabini na mbili zilikuwa zinaisha kesho yake, Alhamisi saa tisa.

Mkuu alipotoka kikaoni alishazisikia habari kwa mlango mwingine. Alikuja na daftari la ufungaji chini ya kwapa. Kwenye daftari hilo kila boksi lina mstari wake na sahihi ya aliyelifunga, na mstari wa Jumatatu ulikuwa mtupu.

"Tia sahihi hapa, mama. Ni utaratibu tu wa makaratasi. Wewe unastaafu mwakani, nani atakugusa?"

"Na mpakizi?"

"Mpakizi gani?"

"Aliyejikata. Huyo anatakiwa awe kwenye dirisha la dawa sasa hivi."

Mkuu alifunga mlango, akashusha sauti. Alisema kidonda chenyewe huenda ni mkwaruzo. Alisema wagonjwa wale wanatumia dawa, uwezekano ni mdogo sana. Alisema wakimwita watakuwa wamekiri, na waandishi wakidaka hapo hospitali nzima inachafuka kwa ajili ya kichupa. Yote hayo aliyasema vizuri, kwa mpangilio, na hakuna hata sentensi moja iliyokuwa na yule mtu ndani yake.

"Umemaliza?" Mama Tabaka akauliza. "Basi sikiliza. Mdogo au mkubwa, huo uwezekano haujaingia kwenye mkono wako. Ungekuwa ni mkono wako uliokatwa, ungekuwa umeshameza dawa tangu juzi, tena kwa maji ya baridi. Hiyo sahihi nenda kaitie mwenyewe." Akavua koti la maabara, akalitundika, akatoka.

Stendi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Karani wa mizigo, akiwa nyuma ya kidirisha chake cha wavu, alimjua mara moja anayetafutwa, aliyelichana boksi: ni Kamba, ndivyo wanavyomwita kwa sababu hakuna anayefunga mzigo juu ya basi kama yeye. Lakini Kamba alishaondoka na basi la asubuhi, atarudi kesho mchana, na simu yake ina wiki haiwaki. Karani akampigia kondakta wa basi hilo, Mama Tabaka akaichukua ile simu na kueleza kila kitu, na kondakta akacheka. "Mama, mbona kidonda chenyewe kimeshaanza kufunga? Tumempaka spiriti." Alimwambia wasimame kwenye hospitali yoyote njiani. Kondakta akasema basi siyo teksi, na simu ikakatika.

Usiku huo mumewe hakusikia maneno mengi. Alimwekea mkewe chakula, naye akakiacha.

Alhamisi hakwenda kazini. Saa nne alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mizigo, mkoba mapajani, akitazama kila basi linaloingia kwa jicho la kulipiga. Mkuu alimpigia simu mara nne, hakupokea. Basi la Kamba lilikuwa lifike saa sita. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Alimwuliza karani, karani akasema labda pancha, akamwuliza tena baada ya dakika tano, karani akafunga kidirisha. Wauguzi wote aliowafokea miaka kumi na tisa wangemwona pale wasingemjua.

Basi lilifika saa nane kasoro dakika kumi. Kamba alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, kitambaa cheusi kwa uchafu kimezungushwa kiganjani. Na Mama Tabaka, badala ya kumshukuru Mungu kwamba amefika, alimrukia. Ndivyo alivyo, hofu yake hutoka kwa mlango wa hasira.

"Wewe, nani alikutuma kutia mkono kwenye boksi la watu? Lililofungwa? Kazi yako ni kupakia au kupekua?"

Kamba alimtazama, hakumjua ni nani. "Lipi, mama?"

"La Jumatatu. La karatasi ya kaki."

"Ah, lile la vitabu." Alikuwa akijieleza kwa adabu, kama mtu anayedhani mwenye mzigo amekuja kulalamika. "Samahani, mama. Nilipoweka gunia juu yake nikasikia kitu kimelia ndani, nikaona pembeni linalowa. Nikajua kuna mtu kachanganya chupa ya juisi na vitabu vya watoto. Vikilowa vile havifai tena, wanangu wenyewe wanagombania kimoja watatu. Nikachana pembeni nivitoe. Nikakatwa. Damu ikawa nyingi, lakini nilidhani yote ni yangu."

Mama Tabaka alimshika mkono ule mzima, akamwambia twende.

Alimweleza njiani, wakitembea haraka, bila kupunguza neno. Kamba alikuwa anaangalia kiganja chake. Saa nane na dakika ishirini walikuwa mbele ya muuguzi wa dirisha la dawa za kinga, na Mama Tabaka akataja boksi, siku, saa, jina la mkuu na karatasi ya kaki, vyote viandikwe kwenye fomu, na chini akaweka sahihi yake kama shahidi. Alijua anamwaga unga wake, na mwaka mmoja tu umebaki astaafu. Hilo halikumchelewesha.

Muuguzi alimtoa Kamba damu ya kipimo cha kwanza, akaosha kidonda, akamweleza. Vidonge kila siku kwa siku ishirini na nane, asiruke hata moja. Apimwe tena, na tena baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, nyumbani atumie kinga na mkewe. Kamba akasema mkewe ananyonyesha, sasa atamwambia nini. Muuguzi akasema amwambie ukweli. Akampa kidonge cha kwanza na kikombe cha maji, na saa ya ukutani ilikuwa haijafika saa tisa.

Kamba alikimeza. Kisha akamgeukia Mama Tabaka kwenye benchi.

"Mama, wewe unafanya kazi humu?"

"Ndiyo. Nafunga hizo sampuli. Hilo sikulifunga mimi, nilikataa. Nilimwambia mkuu usoni kwamba mkono wangu haufungi uongo."

"Lini hiyo?"

"Wiki sita sasa."

"Wiki sita." Hakupaza sauti. "Karibu kila Jumatatu nalipakia mimi. Nimelikalia lile boksi mama, nakula juu yake. Ulimwambia mkuu. Ulimwambia na nani mwingine?"

Alitaka kusema aliomba kikao mara mbili. Alitaka kusema hata mumewe alijua. Maneno yalikuwepo, kwake hayajawahi kuadimika, lakini kila alilolishika liliishia mlango wa maabara.

"Kutoka hapa mpaka stendi ni dakika kumi," Kamba akasema. "Tumetembea sasa hivi. Ulikataa ili wewe usiwemo. Mimi nilikuwemo."

Kamba alikunja ile bahasha ya vidonge, akaitia mfuko wa shati, akainuka kwa sababu basi lilikuwa linamsubiri. Mlangoni akasimama bila kugeuka, akasema pale stendi wapo wapakizi wengine sita wanaolibeba boksi hilo siku ambazo yeye hayupo, na wawili kati yao wana vidonda mikononi. Mama Tabaka akachukua mkoba wake, akamfuata.