Vigae Chini ya Kompresa

Kwa umri wangu na shahada yangu ya uhandisi, sikutegemea kwamba ningewahi kuingia chumba cha mashine nikiwa na soksi tupu. Ndivyo ilivyokuwa msimu ule katika kiwanda chetu cha kusindika zabibu, upande wa Makutupora. Nilikuwa likizo, ukweni Kondoa, niliposikia kwamba kiwanda kitapata mgeni rasmi. Anayeishi Dodoma anajua kinachofuata: mawe yanapakwa chokaa, maua yanahamishwa na vyungu vyake. Meneja wetu alikwenda mbali zaidi. Aliagiza kompresa inyanyuliwe, sakafu iwekwe vigae vyeupe, kisha mashine irudishwe juu yake. Mlangoni akabandika karatasi: Vua viatu.

Mgeni alikuja, akavisifu vigae, akaondoka. Mtetemo ukabaki.

Kompresa ile ndiyo mapafu ya kiwanda. Ndani yake skrubu mbili nene zinazunguka zimepandana, zinabana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma mashine ya kukamulia zabibu. Ikisimama, zabibu zilizoko getini zinaanza kuchacha juani. Na kati ya wakulima waliopanga foleni getini alikuwemo dada yangu, aliyeacha kulima uwele akapanda mizabibu kwa sababu mimi, msomi wa ukoo, nilimwambia kiwanda kipo na hakitamwangusha.

Niliporudi kazini, kitu cha kwanza nilichoona ni kandambili mlangoni. Mwendeshaji wa kompresa, mama mmoja aliyekaa na mashine ile tangu ilipofungwa, alizipanga vizuri kila asubuhi. Kufika mchana zilikuwa zimejisogeza zenyewe kwa mtetemo, zimeelekea nje.

Nikamuuliza hali.

"Injinia, juzi nilikuwa naisikia kwenye visigino," akasema. "Leo iko magotini."

Nikacheka, nikamwambia labda ni umri.

"Umri hauzimwi kwa swichi. Nikiizima hii, magoti yanapoa."

Nikatoa kipima mtetemo, ambacho nilikuwa nakitunza kwenye droo kama saa ya harusi. Kilinipa namba ambazo kitabu cha mashine kinaziandika kwa wino mwekundu. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni, yaani nikaanza na magumu. Nikashuku skrubu zimegusana. Nikabadilisha mafuta. Nikafungua kiungo kinachounganisha mota na skrubu, nikavinyoosha vikae mstari mmoja, nikaenda kula nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nilipotoka kula, nati za miguu ya mashine, nilizokuwa nimezikaza, zilikuwa zimeanza kulegea tena.

Meneja hakutaka kusikia habari ya kusimamisha. Foleni ya magari ilikuwa imefika barabarani, na kwa maoni yake mashine isiyotikisika ni ile isiyofanya kazi. Dada naye akapiga simu kutoka kwenye foleni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mdogo wangu," akasema, "nyuki wameshaijua gari yangu."

Nyuki hawafuati zabibu nzima. Wanafuata zilizopasuka.

Nikarudi chumba cha mashine, nikasimama tu, sina nadharia iliyobaki. Na hapo, karibu na mguu wa mashine ulio upande wa ukutani, kupitia tundu la soksi yangu, nikasikia kigae kinapanda na kushuka chini ya kidole gumba, kama jino linalotaka kung'oka. Nikakigonga kwa spana. Vingine vililia kwa ukavu. Hiki kiliitika kama mtungi mtupu. Ufa ulianzia hapo ukaingia chini ya mguu wa kompresa. Fundi wa vigae alikuwa ameacha uwazi chini yake, kigae kikavunjika, mguu ukabaki unaning'inia. Nasi kila tulipokaza nati tulikuwa tunauvuta chini na kuipinda fremu yote. Nilikuwa nimenyoosha mstari juu ya kitu kilichopinda.

Nilimwambia meneja nasimamisha.

"Vigae utavivunja?"

"Navivunja."

"Na mgeni mwingine akija?"

"Asivue viatu."

Tuliinyanyua, tukavunja vigae vya chini ya miguu mpaka kwenye zege, tukaweka vibati vyembamba vya chuma chini ya mguu usiofika kwenye zege, tukavipunguza na kuviongeza mpaka hakuna mguu uliokuwa ukining'inia. Kisha tukanyoosha mstari upya. Ilipowashwa, namba zilishuka zikatoka kwenye wino mwekundu. Kandambili zikatulia. Meneja akanipa mkono.

Lakini niliweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, zile pete za chuma zinazobeba skrubu zikizunguka, na mpini wake sikioni. Huko ndani kabisa kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga na hataki wenzake wajue. Beringi zilikuwa zimepigwa muda wote ule, na vibati havirudishi kilichokwisha kulika. Mpya zinaagizwa nje. Nikamwomba meneja tumalize foleni kwa hewa ndogo, kisha tusimame mpaka zije. Akaitikia kwa kichwa, huku akiwapungia mkono madereva wapya waingie kwenye foleni.

Zabibu za dada zilipita, ukiacha zile za juu walizogawana nyuki. Alikuja kunishukuru. Kwa mazoea akavua viatu mlangoni, akasimama kwenye kipande cha vigae kilichobaki.

"Imepona?"

"Imetulia."

"Sikuuliza kama imetulia."

Nilikuwa nimeshika bisibisi kama daktari aliyesahau kuvua vifaa vyake masikioni. Akanieleza, kana kwamba ananitoa kwenye aibu, kwamba amepata vipando vizuri na anaongeza shamba upande wa pili wa korongo.

"Usichimbe mashimo kwanza," nikamwambia.

"Yameshachimbwa."

Nyuma yake mama wa kompresa alikuwa amesimama peku kwenye zege, ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa miguu.