Simba wa Turbo Alivyonipeleka Chuo

Mwaka wa 1984 baba mkwe wangu alimtii mwanaume ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mwanaume huyo nilikuwa mimi, Nasambu.

Msicheke bado.

Nilikuwa nimeolewa kwenye boma la baba mkwe, Mzee Kituyi, nje kidogo ya Eldoret. Bwana yangu Wangila alikuwa karani Nakuru. Barua ikaja: nimepata nafasi chuo cha ualimu. Mzee akakataa. Bibi ya mtu anasomea nini tena?

Na ningembembelezaje? Kwetu Wabukusu, bibi ya kijana haongei na baba mkwe ana kwa ana. Akiingia mlango huu, wewe unatokea ule. Nikamtuma mama mkwe.

"Hayo ni maneno ya wanawake," Mzee akasema, akaongeza sauti ya redio.

Hiyo redio sasa! Hakuna mwanamke aliruhusiwa kuigusa. Kila saa kumi ni kipindi cha salamu, zinasomwa kadi za wasikilizaji waliojibandika majina kama Chui na Nyati, wanaume watupu. Wakisema kitu, kwa Mzee ni sheria.

Nikasema haya basi.

Nikaazima kalamu yake ya wino wa kijani bila kumuuliza. Nikajiita Simba wa Turbo, ule mji wa jirani. Kadi nilimwachia Githinji wa duka azipeleke posta. Wiki tatu nilisalimu watu ovyo ovyo tu, jina lizoeleke.

"Huyu Simba ni mwanaume kamili," Mzee alimwambia mama mkwe. Mimi niko jikoni nimejiziba mdomo na leso.

Kadi ya nne nikafyatua: "Namsalimu Mzee Kituyi, mtu wa maendeleo. Tumesikia anapeleka bibi ya kijana wake chuo. Wazee wa Turbo tunamvulia kofia."

 Nikatega sikio mlangoni.

"Mama Wangila," nikamsikia Mzee, "mwambie huyo msichana afunge sanduku."

Woi! Nililia na kucheka pamoja.

Siku moja kabla niondoke, redio ikasoma kadi nyingine.

"Kutoka kwa Mzee Kituyi, zimfikie Simba wa Turbo. Kadi zako zote Githinji alinipa mimi nikupelekee posta. Soma kwa bidii. Na urudishe kalamu yangu."



Kumbe alijua tangu kadi ya kwanza, kwa ule wino wake wa kijani! Angeweza kuichoma ile ya nne, lakini aliipeleka mwenyewe. Alishakataa, hangeweza kugeuka hivi hivi; na kwa mila, kunijibu ana kwa ana hakuweza.

Ukimkataza mtu kuongea, ataazima mdomo. Mimi niliazima wa Simba. Mzee naye alihitaji huohuo, apate kugeuza neno lake.

Kalamu sikurudisha.