Fahali wa Kahiga na Laini Isiyolia

Nyinyi mnaokasirika simu ikizunguka sekunde tatu, kaeni chini niwaambie habari za Othmani. Mimi shule niliachia darasa la sita, tena kwa hiari yangu, maana mwalimu alikuwa amebaki nyuma. Lakini mjini Nyeri hakuna aliyemjua Othmani kunishinda, kwa sababu ngazi yake ya kupandia nguzo za simu niliishika mimi. Siku mbili nzima.

Othmani alikuwa fundi wa simu miaka thelathini. Alipostaafu, mkewe Chiku alimwambia wazi kwamba anaziba njia jikoni, akatafute pa kukaa. Akapata kwa Beth, ambaye alikuwa na duka la intaneti karibu na stendi: kompyuta mbili, laini moja ya simu ya kawaida, na modemu. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja. Modemu, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ilikuwa kijisanduku kilichoipigia intaneti simu, kama vile wewe unavyompigia shangazi. Kilianza kulia kama chura, halafu kama paka aliyekanyagwa mkia, mwisho kama mvua kwenye mabati. Kikinyamaza, umeingia. Kwenye katoni yake waliandika spidi ni hamsini na sita. Hiyo hamsini na sita hakuna mtu wa Nyeri aliyewahi kuiona kwa macho.

Sasa sikilizeni kipaji. Othmani angeinamisha kichwa, asikilize ule mlio mpaka mwisho, halafu aseme, "Arobaini na moja." Beth akiangalia kwa skrini, arobaini na moja. Siku nyingine angesema ishirini na nane, maji yameingia kwa waya pale Kiganjo, na kesho yake mnasikia mafundi walikuwa Kiganjo wakichimba. Watu waliingia dukani kumsikiliza tu. Beth akamwekea kiti chenye mto kando ya modemu, na kiti hicho ndicho kilikuwa mahali pake pa pekee duniani ambapo hakuambiwa asogee.

Halafu akaja Kihara, kijana wa tai pana, akiuza laini za simu za kidijitali. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima. Modemu, alisema, inageuza barua kuwa kelele ndipo ipite kwa waya, na huko mbele kelele inageuzwa tena kuwa barua. Laini yake inabeba tarakimu zenyewe, spidi sitini na nne, na ukiunganisha njia zake mbili unapata mia na ishirini na nane. Tena mtu anaweza kuongea na simu huku mwingine yuko kwa intaneti. Hapo alimshika Beth, maana mama yake akiinua tu simu ya chumba cha nyuma amsalimie dada yake wa Gakindu, barua ya mteja inakatika katikati.

"Na hii yetu hailii hata kidogo," Kihara akamalizia.

Nilimwangalia Othmani. Alikuwa anaupangusa mto wake vumbi lisilokuwepo.

Beth hakumficha Othmani, ambaye yeye humwita kwa jina la bintiye. "Baba Rehana, nitaijaribu wiki mbili kwa kompyuta ya kwanza. Ya pili ibaki na modemu. Watu wakipenda hii mpya, ile ya zamani natoa."

Kiti hakukitaja. Laini isiyolia inataka msikilizaji wa nini?

Basi wiki ya kwanza modemu ilipigwa kama ngoma. Mawakili na walimu walipanga foleni kwa laini mpya, wanaingia kabla hujakohoa. Mimi nilimfariji rafiki yangu, nikamwambia aje kwangu asikilize redio yangu, nayo ina kelele nzuri. Hakunishukuru.

Siku ya mwisho ya majaribio akaja mzee Kahiga kutoka Chaka, na picha ya fahali wake. Kulikuwa na mnunuzi Kitale aliyetaka kumwona kwanza. Beth akaiskani picha, akaituma kwa laini mpya. Kahiga alikuwa bado anavua kofia.

"Imefika," Beth akasema.

"Haijaenda," Kahiga akasema. "Sijasikia kitu."

Beth akamwonyesha skrini. Kahiga akasema skrini inaweza kuandika chochote, hata yeye ana shemeji wa namna hiyo. Kitu kikitoka hapa mpaka Kitale ni lazima kigune kidogo. Akahamia kwa kompyuta ya pili na kukataa kuondoka. Beth, kwa kuchoka, akawasha modemu. Chura, paka, mabati.

"Thelathini na tatu," Othmani akasema taratibu.

"Sasa hiyo ni safari," Kahiga akasema, akakunja mikono. Dakika kumi na moja picha ile ile ilijikokota, naye akiisindikiza kwa macho mpaka mwisho.

Jibu lilikuja saa nane, Beth akalisoma kwa sauti. "Mzee, nimewaona mafahali wako wawili. Wa kwanza si mbaya. Lakini wa pili amejaa mabega. Niwekee huyo wa pili."

Naapa picha ilikuwa moja, niliishika kwa mkono huu. Kahiga hakushangaa hata kidogo.

"Huyo wa kwanza mlimkimbiza," akamwambia Beth. "Akakonda njiani. Huyu mwingine alitembea polepole, anakula nyasi."

Kufikia siku ya soko habari ilikuwa imeenea Chaka nzima. Wafugaji wakaja na picha za ng'ombe, mbuzi, mmoja na ya punda, na wote walitaka laini ya Othmani. Kihara aliwaeleza habari za tarakimu mpaka tai ikalegea. Waliitikia kwa heshima, kisha wakarudi kwa foleni yao.

Beth aliziacha laini zote mbili: ya tai kwa watu, ya kelele kwa mifugo. Mto wa kiti akaubadilisha, akaleta mnene zaidi. Na Othmani akaongeza jambo moja kwa kazi yake. Baada ya mlio kwisha, kabla ya kutaja spidi, anamgeukia mwenye mnyama na kumuuliza kama mnyama huyo amekunywa maji.