Phelista Aliyeombea Avokado za Jirani

"Umekula?" Jeruto aliniuliza kwa simu kutoka Kitale, asubuhi moja ya Agosti 2007.

"Bado."

"Basi kula kwanza, dada. Nitapiga tena."

Sikula. Niliketi kwenye ngazi ya duka langu hapa Bungoma, nikajua kwamba Mungu amemwita dada yangu Phelista, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa presha.

Jeruto huyo zamani alikuwa adui yake. Phelista, mjane, aliuza avokado sokoni Kitale, na meza ile ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Ivy. Siku moja Jeruto alitoka Endebess na magunia, akapanga avokado zake papo hapo pembeni, kwa bei ya chini. Wateja wakahama kama waliopigiwa kengele.

Dada hakushusha bei. Alianza kutoa nyongeza: nunua moja, upewe moja. Jeruto akatoa mbili. Dada akatoa tatu! Fundi mmoja wa viatu alikula ya kwanza akilamba vidole, ya pili akaimaliza kwa heshima tu, ya tatu akairudisha mezani.

"Mama Ivy, ata ukinilipa, tumbo imefunga."

Usiku huo dada alipiga magoti, maana meza ikianguka, Ivy angeacha shule. Mungu wetu ana ucheshi: katikati ya maombi alimletea sura ya yule fundi. Kumbe avokado tupu humchosha mtu! Kesho yake dada alikuja na sufuria ya githeri moto, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Kila aliyenunua avokado rahisi kwa Jeruto alitafuta kitu cha kula nayo, na githeri ilikuwa hapo hapo. Jeruto aliposhusha bei tena, sufuria iliisha mapema zaidi.

Ndipo dada alipoanza kuomba kwa sauti: "Bwana, mbariki Jeruto, avokado zake ziwe rahisi zaidi!"

"Wee Phelista, unaniombea ama unaniroga?"

"Si nakuombea, bana! Ukipandisha, nani atakula githeri yangu?"

Jeruto alicheka mpaka akakalia gunia. Kabla ya msimu ule wa mvua kuisha walikuwa wameunganisha meza, na Ivy akamaliza kidato cha nne.

Tulimzika dada Jumamosi nyumbani Bumula, kando ya mama yetu. Mchungaji alisoma Zaburi, tukaimba, Ivy na Jeruto wakatupa udongo pamoja. Kisha Jeruto akawagawia wageni githeri na avokado. Jioni watu wa Kitale wakarudi kwao.