Backup yangu iko Embu, inaitwa Auntie

Leo nimefuta picha zote za marehemu baba.

Nilikuwa nazinakili kwa diski mpya na rsync, programu ya kunakili. Nikaongeza --delete, inayofuta chochote kisicho upande unaoandikwa kwanza, ndio pande zote zifanane. Lakini nikaandika diski kwanza, laptop baadaye. Ikatii. Laptop ikawa tupu kama diski.

Nikamwambia Mum. Yeye alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa.

"Si upigie Auntie yako wa Majimbo, huko Embu? Kila picha ulinitumia, nilimtumia."

Sasa Auntie anazirudisha moja moja, kila moja na voice note.

"Hapa baba yako alikuwa amevaa shati ya kuazima. Ona vile anaringa!"

Miaka yote nimekuwa na hiyo picha, na hiyo shati sikuwahi kuijua.

Na nyinyi, backup yenu inaitwa nani?