Turubai la Mpunga

Katikati ya miaka ya tisini, mtaalamu wa kigeni ambaye mimi nilikuwa karani wa ghala lake pale Ifakara alirudi kwao, akaniachia ubao wake wa kusimama juu ya maji, ule unaosukumwa na tanga. Mlingoti ulikuwa mzima. Tanga lilikuwa limeliwa na panya, tena ndani ya ghala nililolitunza mimi.

Msimu ule mke wangu alihamia shamba tangu kupanda. Alilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akifukuza ndege na nguruwe peke yake. Mimi nilikwenda mwisho wa wiki tu. Mpunga alikuwa ameshaukata na kuupiga. Lundo lilikaa chini ya turubai la bluu likisubiri trekta. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Jumamosi moja alikwenda Kibaoni kutafuta magunia.

"Baba watoto, usiondoke hapa," aliniambia. "Mvua haijaaga."

Ubao nilikuwa nimeshaufikisha shambani kwa baiskeli. Alipopotea tu njiani nililivua turubai, nikalikata pembetatu na kulishonea kwenye mlingoti kwa kamba ya katani. Nikashuka bondeni, ambako maji ya mafuriko yalikuwa bado yanafika kifuani.

Wavuvi wawili walisimamisha mtumbwi wao.

"Karani, mlango huo umeung'oa nyumba ya nani?"

"Mwache, mwenzako anavuka kwenda Mahenge kwa miguu!" wa pili akadakia.

Nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Nilivuta tanga kwa mikono, likanivuta nalo. Baadaye nikagundua kuwa mikono inyooshwe na mwili ndio uegemee nyuma, kama unamzuia ng'ombe kwa kamba. Upepo ukajaa. Nikaenda, labda hatua thelathini, nimesimama.

Mvua niliiona ikishuka milimani. Nilikuwa na muda wa kutosha kurudi kufunika. Nikasema, mara moja tu tena.

Mke wangu alinikuta nikitandaza mikeka juu ya lundo lililokwisha kulowa. Alilitazama turubai lililokatwa, akatua magunia, akaanza kuchota mpunga kwa mikono kuusogeza pakavu.

Jua halikutoka siku tatu. Kaka yake alipokuja na trekta, mpunga ulikuwa umeota na kunuka.

"Dada, turubai lilikuwa wapi?"

"Upepo ulilibeba," alijibu, bila kunitazama.

Shemeji akanigeukia. "Upepo gani huo, shemeji?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Wavuvi wangenicheka, shemeji angenitukana, yangekwisha.

"Ulikuwa mkali sana," nikasema.

Mwaka ule wote tulikula wali wenye harufu. Wageni walipouliza, mke wangu aliwaeleza habari za upepo, nami nikaitikia.