Ushuhuda Uliomponza Fundi wa Pampu

Habari zilinikuta sokoni Kikima: fundi wa pampu wa Kibwezi ameshikwa na kifafa akiwa peke yake, akaanguka kifudifudi kwenye mfereji wa kumwagilia shamba, akafa. Maji yenyewe hayafiki magotini. Wanaonisoma wanajua huwa simsifu mtu kwa sababu tu amekufa, na huyu hatukuwa chanda na pete. Alinitengenezea pampu, nikamlipa, tukaagana. Lakini aliyotendewa yamenikaa kooni, na leo naandika nikiwa na hasira.

Yote yalianza lori lilipomgonga kwenye barabara ya Mombasa akiwa kwenye pikipiki yake, akaumia bega na kichwa. Mfupa wa bega ukaunga, na kwa kumtazama ungeapa ni yule yule, shati limepigwa pasi na salamu hazina haraka. Kisha nikampelekea pampu. Aliifungua upesi kama zamani, akapanga vyuma juu ya gunia, halafu akakaa kuvitazama. Mwishowe akaniuliza kwa upole kama ninakumbuka vilikuwa vimekaaje. Mkewe akanivuta kando. "Usimkasirikie," akaniambia. "Hiyo lori ilinirudishia mwili tu. Kichwa ilienda nayo."

Mama huyo ndiye aliyehangaika mpaka kesi ikafika mahakamani. Alitaka fidia ya kununulia dawa za kifafa kilichomwanza mumewe baada ya ajali, bila kukatiza, na ya kumlipa mtu wa kukaa naye yeye mama anapokwenda kulima. Hakutaka zaidi ya hapo.

Sasa, huku kwetu mtu akitoka hospitali lazima atoe shukrani kanisani. Unasimama mbele, unaeleza Bwana alivyokutendea, na sijawahi kusikia mtu akishukuru kwa kupona nusu. Fundi naye akasimama, akasema amepona kabisa, hata kichwa kimerudi sawa. Waumini wakapiga makofi na vigelegele. Mmoja wao akamrekodi, video ikazunguka kwenye simu za watu hadi ikamfikia wakili wa kampuni ya bima ya lile lori.

Nilikuwapo mahakamani siku hiyo. Wakili hakufoka. Aliionyesha ile video, kisha akamwuliza fundi kama siku ile alikuwa akidanganya. Mkewe alimkazia macho, akimwomba bila kusema. Fundi akanyoosha mgongo.

"Siwezi danganya kwa nyumba ya Mungu, Mheshimiwa. Nilipona."

Ripoti ya daktari ilikuwa pale mezani, lakini ingeshindana vipi na maneno ya mgonjwa mwenyewe? Wakalipwa bega. Ubongo haukulipwa hata senti. Dawa zikawa za leo zipo kesho hazipo, na mama akarudi kulima akimwacha mumewe nyumbani peke yake.

Juzi kwenye mazishi mchungaji aliusifu tena ule ushuhuda, na watu wakaitikia amina. Niliona uchungu kiasi cha kutaka kuondoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini marehemu hakuficha kitu. Ni sisi tuliomfundisha kwamba kusema bado unaumwa ni kukosa imani, na kampuni yenye mawakili wa kutosha ikaokota somo letu ikalifanya ngao.

Kwa hiyo mgonjwa wako akisimama kushukuru, mwache amalize: namshukuru Mungu niko hai, na bado naumwa. Mungu hatakasirika. Atakayekasirika ni wakili wa bima.